Neno *get* la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha Kiingereza na kukitafsiri kwa muda wa kutosha kujua kwamba si maneno marefu yanayowasumbua wanafunzi. *Photosynthesis* wataikariri kwa siku moja. *Get*, yenye herufi tatu, itawakimbiza miaka. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa tena na tena, kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yale ya pembeni. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. *Get* maana yake nini hasa?

Ya kwanza ni "kupata". *I got a letter*, nimepata barua. *She got a job*, amepata kazi. Ukiishikilia hiyo peke yake, utakwama mara tu ukikutana na *I got home*, *I got angry* au *I got him to talk*, kwa sababu hakuna aliyepata nyumba, na hakuna aliyempata mtu.

Mimi huwaambia wanafunzi waichukue *get* kama neno la kuvuka. Sikuwa na barua, sasa ninayo. Sikuwa nyumbani, sasa nimefika. Sikuwa na hasira, sasa zimenipanda. Alikuwa kimya, nikafanya juu chini, sasa anasema. Kilichobadilika ni hali; *get* inasema tu kwamba mabadiliko yametokea. Umevukia wapi, hilo utaambiwa na neno linalofuata.

Kwa hiyo usiikodolee macho *get* yenyewe. Tazama mbele yake. Ukiona nomino, fikiria kupata. Ukiona kivumishi, fikiria kuingia katika hali. Ukiona mahali, fikiria kufika. Ukiona mtu kisha *to* na kitenzi, kuna anayemfanya mwenziwe atende jambo. Ukifuata njia hii, sentensi nyingi zitafunguka bila kamusi.

2. Neno hili limetoka wapi?

Limetoka katika Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking, watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao lilikuwa *geta*. Kiingereza cha Kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, ila hakikulitumia likiwa peke yake; lilionekana ndani ya maneno mengine, kama yale yaliyokuja kuwa *forget*, kusahau, na *beget*, kuzaa.

Hata *g* yake inayotamkwa kama ya "gari" ni alama ya wageni hao. Katika Kiingereza cha Kale, *g* mbele ya *e* ilikuwa imelainika ikawa kama *y*. Bila Waviking, huenda leo watu wangekuwa wanasema *yet* wakimaanisha kupata.

Ukirudi nyuma zaidi, mzizi wake ni wa kukamata kwa mkono, na Kilatini kilikuwa na neno la mzizi huohuo lenye maana ya kushika. Ndiyo maana napenda kulieleza *forget* kama kuponyokwa: ulikuwa umelishika jambo, sasa limekutoka mkononi.

3. Je, ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote?

Hapana. Katika toleo la 1989 la kamusi ya Oxford English Dictionary, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa *set*. Katika kazi ya kulihuisha toleo hilo, kitenzi *run* kikaipita *set*, kikiwa na maana zaidi ya 600. *Get* imo katika kundi hilo la wazito, lakini haiongozi. Inawapita wenzake kwa jinsi inavyojirudia katika mazungumzo: unaweza kukaa siku nzima bila kusikia *set*, ila dakika tano bila *get* ni nadra.

4. Mbona siisikii watu wakiongea?

Kwa sababu *t* ya mwishoni hubadilika. Wamarekani wakisema *get it* au *get up*, ile *t* iliyo kati ya irabu hugongwa kidogo tu, ikasikika karibu na *d* au hata *r* ya haraka: "gerit", "gerap". Waingereza wengi huimeza kooni. Na *got to* hugeuka *gotta* (tazama swali la 7). Usikilizapo, usisubiri *get* kamili ije. Sikiliza kipande kizima.

## Kuwa na kitu

5. Kwa nini *I've got a car* ina umbo la "nimepata" na maana ya "ninalo"?

Swali hili huwashangaza watu, kumbe Kiswahili kinafanya vilevile kila siku. Ukisema "amevaa kofia", huzungumzii tendo la kuvaa lililopita. Unasema kofia iko kichwani sasa hivi. "Amekaa", "amesimama", "ameshika fimbo": umbo ni la jambo lililotimia, maana ni ya hali iliyopo. *I've got* ni hivyohivyo. Nimepata, kwa hiyo ninacho.

Kwa kuwa maana ni ya sasa, haipelekwi nyuma ovyo. "Nilikuwa na gari" ni *I had a car*. *I had got a car* itamfanya msikilizaji afikirie siku ulipolipata. Kukanusha ni *I haven't got* au *I don't have*, zote sahihi. Usizichanganye ukasema *I don't have got*. Katika mazungumzo utasikia pia *I got a question* bila *have*. Sikia, elewa, lakini usiiandike katika barua ya kazi.

6. *Got* au *gotten*?

Uingereza husema *got*. Marekani husema *gotten*, tena kwa mpango: *I've got a ticket* ni ninayo tiketi, *I've gotten a ticket* ni nimefanikiwa kuipata. Tofauti hiyo ni nzuri na mimi ninaipenda.

Wapo wanaoicheka *gotten* wakidai ni uharibifu wa Wamarekani. Si kweli. Ni umbo la zamani lililokuwa likitumika Uingereza kwenyewe. Wahamiaji waliondoka nalo, waliobaki wakaliacha. Masalia yake hata Waingereza wanayo: *forgotten*, na *ill-gotten*, ya mali iliyopatikana kwa njia chafu. Chagua moja, uishike katika andiko lako lote.

7. *I've got to go* ni kupata nini?

Si kupata, ni lazima. *I've got to go* ni "sina budi kuondoka". Ni sawa na *I have to go*, ila ya mazungumzo zaidi. *Gotta* ni hiyohiyo ikitamkwa haraka. Kwa wakati uliopita rudi kwenye *I had to go*, kwa sababu ileile ya swali la 5.

## Kuingia katika hali

8. *I am tired* na *I'm getting tired* zinatofautianaje?

Hapa Mswahili ana bahati kuliko wanafunzi wengi duniani, na inaniuma kuona hatuitumii. Tofauti hii tumezaliwa nayo, iko kati ya *-me-* na *-na-*.

"Nimechoka": hali imekwisha kufika. *I am tired.* "Ninachoka": hali inakuja, bado haijakamilika. *I'm getting tired.* "Amelewa" ni *he is drunk*. "Analewa" ni *he's getting drunk*. "Nimeshiba" ni *I'm full*. "Nashiba" ni *I'm getting full*. "Amezeeka" ni *she is old*. "Anazeeka" ni *she's getting old*.

Kosa huja mtu anapofuata umbo badala ya maana. Anaona *-me-*, anakumbuka alifundishwa kwamba *-me-* ni *have*, anaandika *I have tired*. Kumbe kwa vitenzi hivi vya hali, *-me-* ndiyo *be*, na *-na-* ndiyo *getting*. Jaribu na mwili wako mwenyewe jioni ukiwa umeinamia kitabu: macho yanaanza kuwa mazito, unasoma mstari uleule mara mbili, bado unaendelea. Hapo ni *getting*. Ukishakifunika kitabu kwa sababu huwezi tena, hapo ni *am*.

9. Naweza kutumia *get* badala ya *become* popote?

Hapana, na mpaka wenyewe uko wazi: *get* hupokea kivumishi, haipokei nomino kwa maana ya "kuwa". Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake kuhusu ndoto za maisha: *When I grow up, I want to get a doctor.* Alitaka kusema atakuwa daktari. Alichoandika ni kwamba akikua anataka kutafutiwa daktari, kana kwamba ni mgonjwa. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, *become* ndiyo ya kuwa mtu fulani?" Alikuwa amelipata jibu mwenyewe. *Become a doctor*, *become president*, *become friends*: zote nomino, zote *become*.

Kwa vivumishi, zote mbili zinawezekana, ila *get* ni ya mdomoni na *become* ni ya maandishi: *it got dark*, *it became dark*.

10. Mbona *get blind* haisemwi?

Kwa sababu mabadiliko mengi ya kuharibika, hasa yale yasiyorudi nyuma, yana kitenzi chake, *go*: *go blind*, *go deaf*, *go mad*, *go bad* kwa chakula. Rangi hupenda *turn* au *go*. Hapa hakuna njia ya mkato; yakariri kwa makundi.

## Kufika na kupanda

11. *Get home* au *get to home*?

*Get home*, *get here*, *get there* hazina *to*. Majina ya mahali kwa kawaida hutaka *to*: *get to the station*, *get to school*. *Home* hapo hufanya kazi kama "nyumbani", ambayo tayari imebeba *-ni* yake. Ukiongeza *to* ni kama kuongeza "-ni" ya pili.

Nayo *get* katika kufika hubeba harufu ya juhudi. *I went to the station*, nilikwenda. *I got to the station*, nilifika, na huenda njiani palikuwa na kazi. Kwa vitu ndivyo ilivyo pia: *I can't get the key out of the lock* humwonyesha mtu anayeuzungusha ufunguo na kuuvuta huku umegoma.

12. Lini *get on*, lini *get in*?

Kiswahili kina "panda" na "shuka" kwa kila chombo, kwa hiyo tunasema *get off the car*, na Mwingereza anamwona mtu aliyekuwa amekaa juu ya paa. Tazama mwili unavyoingia. Ukiweza kusimama na kutembea ndani, ni *get on* na *get off*: basi, treni, ndege, meli. Ukikikalia kwa kutanua miguu, ni *on* vilevile: farasi, baiskeli, pikipiki. Ukilazimika kuinama na kujiweka kitini moja kwa moja, ni *get in* na *get out of*: gari dogo, teksi, mtumbwi.

## Kutendwa na kutendesha

13. *He was fired* na *he got fired* ni sawa?

Habari ni moja, jicho ni tofauti. *Was* inaeleza kwa utulivu. *Got* inaonyesha tukio lililomkuta mtu, mara nyingi la balaa: *got robbed*, *got hurt*, *got caught*. Kiswahili kina "kupatwa" na "kumpata" kwa hisia ileile, tunauliza "umepatwa na nini?", wao huuliza *what's got into you?* Si lazima liwe baya, kwa maana *got promoted* ni kupandishwa cheo, lakini ni lazima liwe tukio. Kwa hali isiyo na tukio, *get* haikai: *he was known* sawa, *he got known* hapana.

14. Vipi kuhusu *get married*? Mwanamume na mwanamke wote?

Wote. Kiswahili kimetenganisha kuoa na kuolewa, na tunauhamisha mgawanyo huo katika Kiingereza bila kujua: *he married, she was married*. Kiingereza hakina habari na nani kaoa. *He got married*, *she got married*, *they got married*. Ukimtaja mwenzi, tumia *to*, usitumie *with*.

Jihadhari sana na *by*. *She was married by Juma* kwa Waingereza wengi itasikika kwamba Juma ndiye aliyefungisha ndoa.

15. Nimenyoa nywele: *I cut my hair*?

Ikiwa ulishika mkasi mwenyewe, ndiyo. Sisi husema "nimenyoa" hata kama kinyozi ndiye aliyefanya kazi yote, na "nimejenga nyumba" hata kama hatukugusa tofali. Kiingereza kinataka kujua. Aliyefanya akiwa mwingine, ni *I got my hair cut* au *I had my hair cut*.

Mpangilio ni *get*, kitu, kisha kitenzi cha hali ya kutendwa. Mwenza wake katika Kiswahili tunaye: "kushonesha". *I got a suit made* ni nimeshonesha suti. Ukiisikia *-esha* hiyo kichwani, hutakosea.

16. *Get him to come*, *have him come*, *make him come*: nichague ipi?

*Make* ni kumlazimisha. *Have* ni kumpangia au kumwagiza, kwa kawaida mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. *Get* ni kumshawishi mpaka akubali. Alikuwa na ugumu fulani, ukaushinda. Katika tatu hizi, ni *get* peke yake inayodai *to*.

## Kupata kufanya

17. *I got to meet her* ni lazima?

Siyo. Hii si ile ya swali la 7. Ni bahati au ruhusa: nilipata kukutana naye. Kiswahili kina "kupata kufanya" kamili kabisa, "nimepata kumwona mara moja", na sijui kwa nini vitabu vya shule havitaji kufanana huku. Ukitaka kutofautisha, uliza kama mtu anasikitika au anafurahi. *I've got to work on Sunday*, analalamika. *I got to hold the baby*, anatabasamu.

18. Na *get going*?

Kuanza mwendo. *Let's get going*, haya tuondoke. *We got talking*, mazungumzo yakaanza yenyewe.

## Kuelewa na kushikwa

19. *I don't get it* ni sijapata nini?

Hujaelewa. Kwetu pia mtu hujibu "nimekupata" akimaanisha amekuelewa, kwa hiyo *got it* na *I get you* hazihitaji maelezo marefu. Geuza mwelekeo, maana inageuka: *you've got me there* ni "hapo umenishika", sina jibu. *What gets me is…* ni "kinachonikera ni…". *I'll get you* ikitoka kwa mtu mwenye hasira ni kitisho.

## *Get* na vijineno vyake

20. Lazima nikariri *get up*, *get over*, *get by* na zote hizo?

Chache, ndiyo. Nyingine nyingi zinaeleweka ukirudi kwenye kuvuka: kile kijineno ni ramani ya ulikovukia. *Get over* ni kupita juu ya kizuizi upande wa pili, na kizuizi kinaweza kuwa ukuta, ugonjwa au msiba. *He never got over her death*: msiba ule hakuuvuka. Kwa hiyo *get over it* akiambiwa mtu mwenye uchungu ni maneno makali. Usiyatumie kama faraja. *Get through* ni kupenya: mtihani, siku ngumu, simu iliyoingia baada ya kugoma. *Get by* ni kupita hivyohivyo; mwenye Kiingereza cha kuombea maji *gets by in English*. *Get along* ni kuelewana, na watu wasioiva chungu kimoja *don't get along*. *Get away with it* haina neno moja kwetu: amefanya kosa, na hakuna kilichompata.

Wengi huchanganya *wake up* na *get up*. La kwanza ni kufumbua macho, la pili ni kutoka kitandani. Kati yake panaweza kupita saa nzima.

Angalia pia *get back to* na *get back at*. *I'll get back to you* ni nitakujibu baadaye. *I'll get back at you* ni nitalipiza kisasi. Ukimwandikia mteja, kihusishi kimoja kinaweza kukupotezea kazi.

21. *Get over it* au *get it over*?

Ukivuka kitu, kitu hufuata kijineno: *get over it*, *get through it*. Ukikivusha kitu, kitu hukaa katikati: *get it back*, kukirudisha, *get the message across*, kuufikisha ujumbe, *get it over with*, kulimaliza jambo la karaha mara moja. Jiulize nani anasogea, wewe au kitu.

## Pembezoni

22. Mwalimu amekataza *get* katika insha. Yuko sahihi?

Nusu. Katika andiko la kitaaluma au barua rasmi, *receive*, *obtain*, *become*, *arrive* na *understand* husema waziwazi kile ambacho *get* inakiacha kwa msomaji. Lakini katazo la jumla huzaa maafa. Nimesoma ujumbe wa mtu kwa rafiki yake ulioanza *I have obtained your message*, na urafiki wote ukapoa katika mstari wa kwanza. *I got your message* ndiyo ilitakiwa pale. Na *get married* au *get rid of* hazina sababu ya kukimbiwa popote.

23. *Get out!* ni kufukuzwa?

Mara nyingi. Rafiki akikutolea macho baada ya kumpa habari njema, ni "acha wee!". Sauti na uso ndivyo vitakavyokuambia.

24. *Get* inaweza kuwa nomino?

Kwa nadra. Wafugaji huitumia kwa uzao wa mnyama dume, na kutoka hapo limetokea tusi la Uingereza, *git*. Katika tenisi, *a great get* ni mpira uliofikiwa kwa shida. Ukikutana na *get* katika maandishi kuhusu ndoa za Kiyahudi, hilo ni neno jingine kabisa, la Kiebrania: ni hati ya talaka ambayo mume humkabidhi mke.

25. Na GET ya kompyuta?

Ni hiihii ya "kupata", katika kuleta. Kivinjari kinapotaka ukurasa, hutuma kwa seva ombi linaloanza na GET likifuatwa na anwani ya kitu kinachotakiwa. Toleo la kwanza la HTTP (kanuni ambazo kivinjari na seva huzitumia kuwasiliana), la 1991, halikuwa na amri nyingine yoyote: mstari mmoja, GET, nafasi, anwani, kisha seva inarudisha ukurasa. POST na nyinginezo ziliongezwa baadaye.